Mkono Mmoja wa Wifi

"Mikono juu!"

Sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vya korido, na benki nzima ya damu ikatii. Pale mapokezi, dada wa simu aliiacha simu imebanwa kati ya sikio na bega. Kwenye chumba cha kuchangia, wauguzi wawili waliachia kibodi kana kwamba zimeshika moto. Nyuma ya kioo kirefu cha maabara, glavu za buluu zikachomoza hewani moja baada ya nyingine. Waliozoea hawakugeuza hata shingo. Wageni ndio walioshtuka. Kuna siku baba mmoja mnene, sindano iko mkononi na mfuko unajaa, alinyanyua ule mkono uliobaki akasema kwa unyonge, "Jamani, damu mmeshachukua, na pochi tena?" Walicheka mpaka muuguzi akashindwa kuchomoa sindano.

Aliyekuwa akitoa amri hiyo kila asubuhi saa ya chai alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mtunza diski wa benki ile. Watu walimwita Mama Pacha. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kiume, mwenye miaka miwili na amri nyingi kiasi kwamba nyumbani waliishia kumwita Bosi. Jina la Mama Pacha lilitokana na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mfuko wa damu ukiwa jokofuni una kundi lake na namba yake tu. Kama damu ile imepimwa ikaonekana salama, au ina ugonjwa, hilo halikuandikwa kwenye mfuko. Lilikaa kwenye diski, na bila diski kusema "salama" hakuna mfuko uliotoka. Diski zilikuwa kwenye makabati mawili ya chuma: moja chumba cha mwanzo wa korido, jingine chumba cha mwisho, na kebo ikipita darini kuyaunganisha. La kwanza waliliita Mama. La pili waliliita Pacha, kwa kuwa kila kilichoandikwa kwa Mama kiliandikwa papo hapo na kwa Pacha. Ukiuliza imekuwaje mtu akawa pacha wa mama yake mzazi, Fundi Waya, aliyetandaza kebo zile, alikujibu kuwa ukoo wa mashine hauna adabu, usiuchunguze.

Saa ya chai, Pacha alitenganishwa na Mama ili atulie, asibadilike, na yote aliyoyabeba yanakiliwe kwenye mkanda wa akiba. Mkanda ukimaliza, mashine ilimrudisha Pacha kwa Mama yenyewe, bila kuguswa na mtu: alifuta ya kwake yaliyopitwa na wakati, akaandika upya yote aliyokuwa nayo Mama. Utaratibu mzuri. Ila programu ya kutunza habari za damu ilikuwa kuukuu, haikujua kushika pumzi. Ukiwatenganisha wale wawili wakati mtu anahifadhi majibu, habari inakatika kama tonge lililokwama kooni: nusu Pacha kameza, nusu imebaki kwa Mama. Ndiyo maana mzee aliyeshika kazi hii ya mikanda kabla yake, alipokuwa hajastaafu, aliweka sharti la mikono juu. Na alimwachia Mama Pacha neno moja: "Usibonyeze mpaka uione mikono yote. Yote, mwanangu. Hata ya mkubwa wako."

Asubuhi hiyo Mama Pacha alisimama dirishani kwake, kidole juu ya kibodi, akapitisha macho. Mapokezi, sawa. Wachangiaji, sawa. Maabara...

Maabara kulikuwa na mkono mmoja uliokosa mwenzake.

Mwenye mkono ule alikuwa mkuu wa maabara, mwanamke mrefu, mwepesi wa kazi na wa ulimi. Kazini alikuwa mkuu. Nyumbani alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, umelegea kama wa mtu anayepunga nzi. Wa kulia ulikuwa bado kwenye kibodi, unaingiza majibu ya trei ya mwisho ya sampuli za damu.

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake. Neno moja tu: "Maabara, mkono mmoja bado." Lakini jengo zima lingesikia, na kila mtu angejua ni mkono wa nani. Akakumbuka chakula cha Jumapili, nyumba imejaa, wifi amempakata Bosi anamlisha, akasema kwa sauti ya kuvuta kicheko: "Mnamwona huyu mke wa kaka yangu? Nilimbebea mtoto ili asome masomo ya jioni. Kamaliza, sasa kila asubuhi ananinyanyulisha mikono kama mwizi wa kuku!" Watu walicheka. Na yeye alicheka. Lakini kicheko kile kilikuwa na mfupa ndani, na mfupa haukushuka mpaka leo.

Alisubiri pumzi moja. Wifi hakutazama dirishani. Akasubiri nyingine. Mkono wa kulia ukainuka kidogo, ukarudi.

Akabonyeza.

"Asanteni. Shusheni," akasema, na sauti yake mwenyewe akaiona nyembamba.

*

Chai haijapoa, umeme ukapepesa jicho. Mara moja tu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Taa zilizimika, zikawaka, jenereta likakohoa nje likashika kazi. Watu walisema "aah" kwa pamoja, kisha wakaendelea.

Mama Pacha hakuendelea. Skrini yake ilikuwa imejaa alama zisizosomeka, maswali na visanduku vitupu, na mahali pa namba za mifuko palikuwa na takataka. Simu ya ndani ikalia. Ikalia na ya mkononi. Fundi Waya aliingia bila kubisha, kofia imeelekea kisogoni.

"Dada, Mama kaharibika."

"Kaharibika vipi?"

"Betri ya kabati. Ile tuliyoiombea nyingine tangu mvua za mwanzo. Umeme ulipokatika, yaliyokuwa njiani kuandikwa yakapotea, na fahirisi, ile orodha ya kipi kiko wapi, imevunjika. Kila anayefungua anaona uchafu."

"Na Pacha?"

"Pacha mzima. Si mlikuwa mmemtenganisha? Mkanda bado unanakili."

Mama Pacha alikuwa ameshashukuru Mungu nusu ya shukrani, ndipo wazo likamgonga. Mkanda bado unanakili. Na mkanda ukimaliza, mashine itamrudisha Pacha kwa Mama. Itafuta yote mazima, iandike uchafu. Yenyewe. Bila kuuliza mtu.

"Umefika wapi huo mkanda?"

Fundi Waya akainamia skrini ndogo ya pembeni. Uso wake ukabadilika. "Unakaribia mwisho."

Mama Pacha aligonga amri ya kusimamisha muungano. Kimya. Akaigonga tena. Mtambo wa amri ulikuwa unapitia kwa Mama, na Mama alikuwa kama mgonjwa aliyefumbua macho asimtambue mtu.

"Chomoa kebo," alisema Fundi Waya. "Ile ya kwenda kwa Mama. Plagi yake inafikika kule kwa Pacha tu, huku imefungiwa ndani ya kabati. Mimi nabaki hapa nikuambie."

Alikimbia. Korido ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na viatu vyake vya kazi viliteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Chumba cha Pacha kilikuwa na baridi ya kuuma meno. Nyuma ya kabati kulikuwa na kebo mbili: moja ya kwenda kwa Mama, moja ya kwenda kwenye mkanda. Angechomoa ya mkanda kwa makosa, mashine ingehesabu kazi imekwisha na kuanza kumrudisha Pacha hapo hapo.

Akaweka simu sikioni. "Ipi?"

"Ya njano!"

Akatazama. Akatazama tena.

"Kaka, hakuna ya njano. Zote mbili ni za buluu."

Kisha: "Yallah. Za njano zilikwisha wiki ile. Nikaweka... ngoja, ngoja, nikaweka alama."

"Alama gani? Mashine inanguruma huku!"

"Plasta! Plasta ya kidonda, niliomba kwa wauguzi. Tafuta yenye plasta!"

Alipiga magoti, akapapasa gizani nyuma ya chuma, kidole kikipita kwenye kebo ya kwanza, laini yote, laini, laini. Ya pili, karibu kabisa na ukuta, ikawa na kitambaa kidogo chenye gundi, kama kile alichokuwa akimfunga Bosi kwenye goti. Akabana kichwa cha plagi, akavuta. Hakikutoka. Akavuta kwa nguvu zote mbili, ya mkono na ya hofu, kikatoka akaanguka kwa makalio.

"Mkanda umemaliza," alisema Fundi Waya kwenye simu, sauti imetulia kama ya mtu aliyetoka kuogopa. "Mashine inamtafuta Mama... Haimpati. Imekata tamaa. Pacha mzima, dada. Pacha mzima!"

Mama Pacha alibaki chini sakafuni kwa muda, kebo mkononi, akipumua kama aliyetoka kujifungua.

*

Alipotoka koridoni, muuguzi wa hospitali ya ng'ambo ya barabara alikuwa ameshafika. Alibeba sanduku la baridi begani, jasho limemlowa kola. Meneja wa benki ya damu, mtu mpole aliyevaa miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa mbele yake na wifi ubavuni.

"Mzazi," alisema muuguzi. "Kajifungua asubuhi, mtoto salama, mama damu haikatiki. Yuko meza ya upasuaji sasa hivi. Kundi lake ni O hasi. Kule kwetu tumempa yote tuliyokuwa nayo. Nahitaji mifuko minne, mingi zaidi kama ipo."

"Ipo," alisema wifi. "Jokofu limejaa."

"Basi nipeni!"

Damu ilikuwepo pale, nyuma ya mlango wa kioo, mifuko imepangwa kama vitabu, na kila mmoja ulikuwa bubu. Ipi salama, ipi inasubiri kutupwa, mwenye kujua alikuwa diski.

"Kupima upya?" aliuliza meneja.

"Mpaka adhuhuri ipite," wifi akajibu. "Huyo mama hana adhuhuri."

Meneja akamgeukia Mama Pacha. "Mrudishe Pacha kwa Mama. Nakili yote, tuanze kazi."

"Hapana, bosi. Kabati la Mama halina betri nzima, tutamharibu na Pacha. Na kunakili kutachukua muda. Tumsome pale pale alipo. Namwunganisha na ile seva ya akiba, kompyuta yetu ya dharura, kwa kusoma tu, asiandikwe hata nukta."

"Inawezekana?"

"Ndiyo kazi yake Pacha."

"Fanya."

Alifanya. Vidole vilijua njia. Fundi Waya alileta kebo nyingine, ya kijani safari hii, akisema rangi hii hata kipofu hataikosa. Skrini ya seva ya akiba ikafumba, ikafumbua, kisha namba zikashuka, safi, zinasomeka, mstari kwa mstari: namba ya mfuko, kundi, salama, si salama, salama. Mtu alipiga kofi moja mapokezini. Meneja alivaa miwani yake.

"O hasi, tafuta."

Mifuko sita ilitokea. Mitano ilikuwa salama. Mmoja ulikuwa si salama.

"Alhamdulillahi," akasema muuguzi, na sanduku likawa limeshafunguliwa. Wifi alikuwa jokofuni, anatoa, anasoma namba kwa sauti, meneja anatikisa kichwa mbele ya skrini. "Huu." "Salama." "Huu." "Salama."

Mama Pacha alisimama nyuma yao. Ilitakiwa awe amefurahi. Badala yake hakuweza kuondoa macho pembeni: kila mstari ulikuwa na saa ya kuingizwa, na mifuko miwili kati ya ile mitano iliingizwa asubuhi hii, saa ya chai.

Trei ya mwisho. Mkono wa kulia.

Aliweza kuwa anakosea? Aliweza. Labda wifi alikuwa ameshamaliza kuhifadhi. Labda kidole kilikuwa kimepumzika tu juu ya kibodi. Mistari yote ilionekana safi. Mama wa watu alikuwa mezani anavuja, mtoto wake wa saa chache hajui hata titi. Kila neno ambalo Mama Pacha angesema sasa lilikuwa na bei ya dakika. Na likisemwa, lingemvua wifi nguo mbele ya meneja, na Jumapili ijayo angekaa mezani na nani? Nani angempokea Bosi jioni?

Kwa upande mwingine kulikuwa na mfuko unaoweza kusema "salama" huku ndani umebeba maradhi, ukaingia kwenye mshipa wa mwanamke ambaye hata akipona leo angerudi na ugonjwa nyumbani, na pengine kwa mtoto kwa titi.

Sanduku likafungwa. Kufuli mbili zikalia. Muuguzi akalitupa begani, akaushika mlango.

"Simama!"

Wote waligeuka. Mama Pacha mwenyewe hakuamini ni sauti yake. Ilikuwa ile ya kipaza sauti.

"Mifuko miwili humo siiamini," alisema. "Iliyoingizwa saa ya chai. Kosa ni langu. Nilibonyeza kabla mikono yote haijawa juu."

Meneja alivua miwani. "Mikono ya nani?"

"Kosa ni langu," alirudia. "Mwenye kuangalia ni mimi. Niliona, nikabonyeza hivyo hivyo."

"Nimekuuliza mikono ya nani, mama. Lazima tujue trei ipi."

Alitazama sakafu, ile ile iliyopigwa deki, na akaona viatu vyeupe vya maabara vikisogea mbele, vikasimama kati yake na meneja.

"Mkono wangu," alisema wifi.

"Nilikuwa namalizia trei," aliendelea, anaongea haraka kama anayeng'oa jino. "Nikasema nitoe mkono mmoja wa kuonyesha, na mwingine umalize. Mbona siku zote inapita. Leo haikupita. Sasa msinitazame kama picha, njooni maabara. Mashine ya kupimia inakumbuka trei ya mwisho yenyewe. Ya mwisho tu. Wifi, soma kwa Pacha, mimi nasoma kwenye mashine. Muuguzi, fungua sanduku lako."

Walikaa kila mmoja upande wake wa kioo, mlango wazi kati yao, wakasomeana kama watoto wa darasa moja.

"Mfuko wa kwanza wa trei," alisema Mama Pacha. "Pacha anasema salama."

"Mashine inasema salama."

"Wa pili, salama."

"Salama."

"Wa tatu, si salama."

Wifi akainamia mashine. "Rudia."

"Wa tatu, si salama."

"Mashine inasema wa tatu salama." Kidole chake kikashuka mstari mmoja. "Wa nne?"

"Pacha anasema salama."

"Wa nne si salama," alisema wifi polepole. "Wa nne ndio mgonjwa. Majibu yamepanda mstari mmoja, namba zimebaki chini. Kuanzia hapo yote yamevaa nguo za jirani." Akanyanyua macho. "Wa nne ni O hasi?"

Mama Pacha hakuhitaji kutazama. Muuguzi alikuwa ameshautoa mfuko ule kutoka kwenye sanduku, ameushika kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni mkanda wa suruali.

"Na ule wa tatu, uliotangazwa mgonjwa bure," wifi aliongeza, "nao ni O hasi, na ni mzima. Mashine imeuona kwa macho yake. Huo ni halali yako. Uliobaki wa trei hiyo nao ni ule wa kwanza, majibu yamelingana. Mitatu mingine ni ya juzi, niliiingiza mwenyewe." Akasita, kisha, kwa ile sauti yake ya Jumapili lakini imepasuka katikati: "Mikono yote miwili ilikuwa juu siku hiyo, naapa."

Hakuna aliyecheka, ila Fundi Waya aliyetoa pumzi puani.

Meneja alihakikisha namba mara ya pili, mfuko kwa mfuko, kwa sauti. Mitano. Sanduku likafungwa tena. Muuguzi akatoka akikimbia, na kupitia dirishani walimwona akivuka barabara mkono mmoja umenyanyuliwa kusimamisha magari.

*

Meneja alisema tu, "Tutazungumza, nyote wawili, si leo," kisha akaenda mwenyewe kuitafuta ile betri, akipiga simu tatu kwa hasira ya upole.

Mama Pacha alikwenda kunawa uso. Alipoinua kichwa, wifi alikuwa kwenye kioo nyuma yake, anavua glavu.

"Kwa nini hukuniambia kwenye kipaza sauti?"

"Uliniita askari wa kuku mbele ya ukoo mzima."

"Mwizi wa kuku ni mimi. Askari ni wewe. Sikiliza vizuri mzaha wa watu." Akatupa glavu kwenye pipa. Akakosa pipa, akainama kuziokota, na hakuinuka upesi. "Ningeua mtu, wifi."

"Tungemuua. Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Ulikuwa unaniogopa?"

Mama Pacha alifikiri kudanganya, akaacha. "Ndiyo."

Wifi aliinuka, akajifuta jicho kwa nyuma ya kiganja kama anayejikuna. "Basi niogope nikiwa na sahani ya Bosi mkononi, hapo huwa sina utani. Kazini usiniogope. Nikiwa na mkono mmoja chini, nitaje. Nitaje na jina la baba yangu."

"Huyo ni baba mkwe wangu, siwezi kumtaja hovyo."

"Ndiyo kusema nitajitahidi usilazimike kumtaja."

Mchana betri mpya ilifungwa, kebo yenye plasta ikarudishwa, na majibu sahihi ya trei ya mwisho wifi alikuwa ameyaandika karatasini, ayaingize upya Mama akipona. Sasa Mama alikuwa tayari kupokea, na zilikuwepo nakala mbili za kumponya: Pacha, na mkanda uliomalizika wakati kebo inachomolewa. Kazi ilibaki moja, ile inayotisha watunza diski wote kuliko giza: kumwandika mzima juu ya mgonjwa, na si mgonjwa juu ya mzima. Kwenye skrini tofauti yake ilikuwa mshale mmoja tu.

Meneja alisimama mlangoni. Fundi Waya alikuwa kwenye ngazi, kichwa darini. Mama Pacha aliweka mshale, akauangalia mpaka macho yakaona ukungu, kisha akamwita mtu mmoja.

"Wifi. Njoo unisomee."

"Mimi? Sijui mambo ya diski."

"Kusoma unajua. Mshale unatoka wapi, unakwenda wapi?"

Wifi alisogeza uso karibu na skrini, akaweka kidole bila kugusa. "Unatoka kwa Pacha. Unakwenda kwa Mama."

"Rudia."

"Kutoka kwa Pacha kwenda kwa Mama. Mtoto ndiye anayemlisha mama yake leo."

Simu ya mapokezi ililia. Dada wa simu alisikiliza, akasema "eeh," akasema "eeh" tena, kisha akaiweka chini na kupaza sauti mpaka mwisho wa korido: "Hospitali hao! Yule mama katoka mezani! Bado hajaamka, lakini katoka! Damu imekata!"

Hakuna aliyepiga kofi safari hii. Muuguzi mmoja wa kuchangia alikaa chini kwenye kiti cha wachangiaji, akajifunika uso.

Wifi alirudi maabara haraka, karibu kukimbia. Kabla Mama Pacha hajaigusa programu, ilimpasa kutoa amri tena, kwa kuwa mtu mmoja tu akihifadhi neno wakati Mama anaandikwa upya, kazi yote ni bure. Akavuta kipaza sauti.

"Mikono juu!"

Jengo likatii. Mapokezi, sawa. Wachangiaji, sawa, hata mchangiaji mgeni aliyekuwa kitandani, na muuguzi akamshusha mkono wa sindano taratibu. Darini, mikono miwili ya Fundi Waya ilichomoza kwenye tundu kama masikio ya punda. Nyuma ya kioo kirefu, wifi alikuwa amesimama, si kukaa, hatua mbili kutoka kwenye kibodi, mikono yote miwili imenyooka juu kutoka mabegani, vidole vimetandazwa, anamtazama dirishani moja kwa moja bila kutabasamu.

Mama Pacha aliona mikono yote. Akaipitia tena tangu mwanzo, pole pole, hata ya mkubwa wake. Watu walianza kuchoka, mmoja akanong'ona "bonyeza basi, jamani," lakini wifi hakushusha.

Ndipo akabonyeza.